Mchanga wa Upande wa Kabula

Mwalimu Neema, siku nilipokukabidhi stoo ya michezo uliniuliza swali moja nami nikajifanya sijalisikia. Ulikuwa umesimama peku kwenye uwanja wetu wa mchanga. Ukasema kona ya kulia, upande wa maabara, ina bonde, mguu unagusa viroba vya chini, ukauliza kama ni maji ya mvua yaliyohamisha mchanga. Nikakuambia nitakuandikia. Sasa nimestaafu, muda ninao, na mume wangu ameshachoka kuona navipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Utanivumilia nikianzia mbali, maana mwalimu wa Jiografia hawezi kuonyesha mto bila kwanza kuonyesha mlima.

Nilizaliwa Binza, pale Maswa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa Bariadi, wakati mji huo ukiwa bado mdogo na jioni ng'ombe wanakatiza barabarani kwa raha zao. Siku niliporipoti, mkuu wa shule wa wakati ule aliniuliza kama najua mchezo wowote. Nikasema chuoni nilicheza mpira wa wavu. Nilikuwa naelekea kumweleza kwamba nilikuwa mtu wa benchi, lakini hakunipa nafasi. Nilitoka ofisini mwake nikiwa na vitabu vya Jiografia mkono mmoja na mpira usio na upepo mkono mwingine.

Aliyenilea katika kazi hiyo ni Mwalimu Masunga, mtu mrefu wa suruali za kaki, ambaye filimbi yake ilikaa mfuko mmoja na kalamu ya kusahihishia. Alinifundisha kufunga wavu jioni nikiulegeza kidogo, kwa sababu kamba ya katani ikilowa umande hujikaza yenyewe, na asubuhi unakuta nguzo zimeinama. Alinifundisha kuhifadhi mipira mbali na joto la bati. Na siku moja nilipowafokea wasichana kwa filimbi hadi mate yakajaa ndani, alininyang'anya, akaifuta kwa shati lake, akasema, "Binti, filimbi usiipige ukiwa na hasira. Watoto wanaijua sauti yake." Alipostaafu aliniachia ile filimbi. Ndiyo hiyo uliyoikuta imening'inia nyuma ya mlango.

Basi miaka ikaenda. Mkoa wa Simiyu ukazaliwa, Bariadi ikawa makao makuu, zikaja ofisi na watu wenye ofisi. Ndipo siku moja tukaitwa walimu wa michezo wa shule zote za sekondari, tukaambiwa kuna mchezo mpya unaoingia kwenye mashindano ya shule, mpira wa wavu wa ufukweni. Unachezwa kwenye mchanga, watu wawili kila upande. Niliporudi shuleni na taarifa hiyo, ofisi ya walimu ilicheka mpaka chai zikapoa. Mwalimu wa Hisabati akaniuliza, "Ufukwe wa wapi, Madam? Wa lambo?" Nikamwambia ndiyo, aje na taulo.

Mimi mwenyewe sikuuamini sana mchezo huo. Lakini mchanga tunao. Mito yetu kiangazi huwa ni mchanga mtupu, watu wanapita katikati na mikokoteni, na kwetu hapa mchanga haumkumbushi mtu bahari. Unamkumbusha nyumba. Mtu akiona lundo la mchanga mahali anauliza, mnajenga nini? Hilo ndilo lililokuja kutuponza.

Tulikodi mikokoteni ya ng'ombe ikaleta mchanga kutoka mtoni. Uwanja wetu uko kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonasa kiatu wakati wa mvua, na mchanga ukimwagwa juu yake moja kwa moja masika yanaumeza. Kwa hiyo tulichimba, tukatandika viroba vya zamani vilivyoshonwa pamoja, ndipo tukamwaga. Kabla ya kumwaga tulichekecha. Hapa naomba unisikilize kama mwalimu mpya: mchanga wa mto una vipande vya magamba ya konokono, una miiba ya migunga, una vioo. Mchezaji yuko peku. Wasichana walikaa wiki nyingi na chekeche za waya, wakiimba, vumbi limewafanya wote wawe na nywele za bibi. Mistari ya uwanja tulikata mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda tukaiunganisha. Ilikaa vizuri kuliko kamba.

Desemba shule ikafungwa. Kipindi hicho maabara mpya ilikuwa inajengwa, na fundi wake alikuwa Fundi Jilala, mtu mpole wa mtaa wa Somanda. Januari niliporudi nilikuta uwanja umebaki shimo lililotandikwa viroba, na maabara imepigwa lipu safi. Nilimfuata fundi nikiwa nimeshika filimbi mkononi, nikakumbuka maneno ya Mwalimu Masunga, nikairudisha mfukoni.

"Fundi, mchanga wangu uko wapi?"

"Upi, Madam?"

"Uliokuwa pale."

Akageuka, akautazama ukuta. "Madam, mimi nilikuta mchanga umechekechwa vizuri, hauna hata jiwe. Nikajua mmeniandalia. Nikasema hawa walimu wana utu."

Ungemfanya nini mtu huyo? Wanafunzi waliupa ukuta ule jina la ufukweni, na mpaka leo wanauita hivyo. Tulileta mchanga upya, tukachekecha upya, na safari hii nikaagiza kibao. Msichana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kidato cha pili, Kabula, alikuwa na mwandiko mzuri wa brashi. Akaandika kwa rangi nyekundu: MCHANGA HUU SI WA KUJENGEA. Tukakizika kibao kwa zege, kisiyumbe.

Kabula ndiye ninayekuandikia habari zake. Alitoka Nkoma, kwa wakulima wa pamba, na mjini Bariadi alipanga chumba Somanda na wenzake. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mikubwa, na aliruka juu ya mchanga wakati wenzake wanajivuta. Nilimpanga na Milembe wa kidato cha tatu, binti wa pale pale Somanda, mwenye mabega mapana na macho ya kuona mpira mapema. Kila mmoja peke yake alikuwa mchezaji. Ukiwaweka pamoja, mpira ulianguka katikati yao.

Ulianguka kila siku. Nilikuwa napiga filimbi, nawauliza.

"Kabula, kwa nini umeuacha?"

"Ni dada, Madam." Yaani Milembe yuko juu yake kidato, hawezi kumpita mbele.

"Na wewe Milembe?"

"Nilimwona anauangalia. Nikaona nikiuchukua nitakuwa nimemnyang'anya."

Siku moja Kabula alipiga mpira ukampata Milembe usoni. Mchezo unaendelea, mpira uko hewani, yeye akaenda akapiga magoti kuomba msamaha kama alivyofunzwa nyumbani. Wa upande wa pili wakafunga huku wamekufa kwa kicheko. Vitabu vya mchezo vinasema wachezaji waitane, yule anayeufuata mpira aseme "yangu" kwa sauti. Wanaoandika vitabu hivyo hawajalea watoto wa Kisukuma. Kwa hawa wangu kusema "yangu" mbele ya mkubwa ilikuwa ni ulafi, sawa na kuwahi nyama kwenye sahani.

Nilihangaika nao muda mrefu. Mwishowe niliwakalisha mchangani nikawaambia hivi: ukinyamaza, mwenzako anakimbia bure, anachoka. Ukisema "yangu", umemwambia dada pumzika, hili nalibeba mimi. Kabula akamgeukia Milembe. "Kumbe ni kumsaidia," akasema. Kuanzia siku hiyo alikuwa na sauti ambayo hata wauza mitumba ng'ambo ya barabara waliijua. Walimpa jina la Yangu.

Kabla ya mashindano ya mkoa ilinibidi niende Nkoma, kwa sababu baba yake, Mzee Luhende, alikuwa amekataa. Nilimkuta nyumbani na mkewe wakichambua pamba barazani.

"Ng'wangaluka, baba."

"Ng'wangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola."

Baada ya salamu tulizungumza mvua, tukazungumza wadudu wa pamba, kisha akaja kwenye hoja. "Mwalimu, huo mchezo nimeonyeshwa kwenye simu. Wanawake wako nusu uchi."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa kwenye mkoba sare yetu, fulana ndefu, bukta ya kufika gotini na skintaiti ya kuvaa chini yake. Akaishika kitambaa kwa vidole, akaigeuza nyuma na mbele kama anayepima pamba. "Hii hata mama yake angevaa," akasema. Mkewe akasema yeye asihesabiwe. Tukacheka, nikajua nimeshinda. Halafu Mzee Luhende akauliza tena.

"Wanacheza wawili tu?"

"Wawili tu, baba. Hakuna wa akiba."

"Na mmoja akiugua, mnafanyaje?"

"Tunapoteza mchezo."

Akatikisa kichwa. "Mchezo wa namna gani huo," akasema, lakini akaruhusu. Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba."

Mkoa tuliushinda. Nisijivune, tulikuwa shule chache. Kwenye mashindano ya taifa tulikutana na wasichana wa pwani waliozaliwa juu ya mchanga, wakatufunga vibaya seti ya kwanza. Seti ya pili nadhani walitudharau, maana Kabula na Milembe waliwashika mpaka mwisho, na tulipofungwa, kocha wao alikuja akanipa mkono akauliza Bariadi ina bahari gani. Nikamwambia tunayo, tumeipiga lipu. Hakuelewa. Njia nzima ya kurudi wale wawili walipanga ya mwaka unaofuata. Milembe angekuwa kidato cha nne, ndio ungekuwa mwaka wake wa mwisho, na walitaka kukutana na wale wale. Sijawahi kuona watoto wanataka kitu namna ile. Mimi pia nilikitaka, nisikufiche.

Walifanya mazoezi tangu Januari. Kabula alikuwa wa kulia, upande wa maabara, na kwa ile miguu yake alikuwa amechimba kijibonde mahali pa kurukia, kila jioni anakisawazisha kwa reki kabla ya kwenda nyumbani.

Masika yale, siku moja ya mazoezi, alikaa chini akasema kichwa kinamgonga. Nilimgusa paji la uso, nikampeleka hospitali mimi mwenyewe kwa bodaboda, Milembe akatufuata kwa miguu. Wakapima, malaria. Wakamlaza, wakamtundikia dripu. Wauguzi walikuwa wazuri, sina neno baya kwao. Siku iliyofuata alikuwa anaongea, tukaona mambo yamekaa sawa. Milembe alimletea uji, akawa anamsimulia nani kakimbia zamu ya kufagia. Kabula akaniita karibu.

"Madam, nikichelewa kupona, Milembe afanye mazoezi na mwingine, asiache."

"Utapona, tulia."

"Ila usimpange na mtu asiyeita."

Milembe akamwambia anywe uji, aache kujifanya kocha. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana niliyoyasikia kwake. Homa ilipanda kichwani, akaanza kutotutambua, na baba yake alifika kutoka Nkoma kumekucha, mtoto ameshaondoka.

Nimefundisha miaka mingi na nimezika wanafunzi, kila mwalimu wa siku nyingi huku amezika. Huyu sikumweza. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi nikiwa na bukta yake kwenye mkoba, ameiacha kwangu nimshonee mpira wa kiuno, na sikujua nimpe nani.

Mazishi yalikuwa Nkoma, kesho yake. Mzazi mmoja alitoa kenta ya kubeba wanafunzi. Asubuhi, tukijiandaa, baba mdogo wa Kabula akampigia simu mkuu wa shule. Saruji wamepata, matofali wamepata, wanataka kumjengea mtoto kaburi lake siku hiyo hiyo, lakini mchanga hakuna. Mto umejaa, hakuna wa kuingia. Wameuliza kote, kila aliyekuwa na lundo ameshalitumia. Wanaomba kama tunajua mtu mjini.

Mkuu wa shule alisema hayo mbele ya ofisi, na Milembe alikuwa amesimama pale. Aliondoka bila kuaga. Nilipomfuata nilimkuta uwanjani na sururu ya shamba la shule, koleo na viroba, amesimama nje ya mstari, hajaingia.

"Madam, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

Akaonyesha kibao kwa kidevu.

"Kibao alikiandika Kabula," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana naomba kwako."

Nilikwenda kwenye kibao nikashika nguzo yake kwa mikono miwili nikavuta, na kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeagiza kizikwe kwa zege, hakikutoka. Nikavuta huku nalia. Milembe akaja na sururu, tukakichimbua wote wawili. Kisha akaenda kona ya kulia, kwenye kile kijibonde, akaanza kuchota. Wanafunzi wengine wakaja, kila mmoja na kiroba. Mmoja alitaka kuchota upande wa pili uliojaa zaidi. Milembe akamwambia, "Hapana. Wa upande wake." Walichota mpaka chini pakaonekana.

Fundi Jilala alipanda nasi kwenye kenta, hakuna aliyemwita. Kule Nkoma alifungua kiroba cha kwanza, akauchukua mchanga kiganjani akautandaza kwa dole gumba. "Umechekechwa," akasema. Alijenga lile kaburi polepole, akalipiga lipu, akalilainisha kingo moja baada ya nyingine, na watu walipoanza kuondoka yeye alikuwa bado amepiga magoti na mwiko.

Mzee Luhende alinisindikiza mpaka kwenye gari. "Mwalimu, siku ile nilikuuliza mmoja akiugua mnafanyaje. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba."

"Sikuuliza kwa ubaya." Akanifungulia mlango. "Wabeja kwa mchanga, mayu."

Mashindano yalipokaribia, Milembe alijaribu na msichana mwingine, hodari tu, mwenye adabu. Jioni ya kwanza mpira ulipigwa kona ya kulia. Yule msichana alikuwa amechelewa, na Milembe angeufikia kwa hatua chache. Hakusogea. Alisimama ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Mpira ukaanguka kwenye viroba, ukatoa mlio mkavu ambao mchanga hautoi. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu na sikuipiga. Milembe akavua kofia akaja kuniambia, "Madam, nimeshindwa." Mwaka ule shule haikupeleka timu, na ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Baada ya hapo walikuja wengine, na timu tumepeleka, wewe mwenyewe umeziona. Ila kona ile sikuijaza kamwe. Kila kiangazi niliagiza mchanga wa kuongeza sehemu nyingine, na wanafunzi walivyoona namna ninavyosawazisha wakazoea kuipita. Wapya walidhani ndivyo uwanja unavyotakiwa kuwa.

Milembe sasa ni fundi cherehani, ana duka dogo Binza, si mbali na nilipohamia. Wiki iliyopita nilimpelekea kitambaa, nikamwambia kuna mwalimu mpya ameuliza kuhusu bonde. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Alishindwa mara kadhaa.

"Wajaze, Madam," akasema. "Watoto watavunjika miguu."

Kwa hiyo jazeni, Mwalimu Neema. Subirini kiangazi mto ukauke, leteni wa mtoni, msinunue ule mwekundu wa barabarani. Chekecheni mara mbili. Chekeche nzuri ni ile yenye mpini wa bluu, iko nyuma ya majembe. Viroba vya pale chini vimeoza, tandikeni vingine kwanza. Na yule binti utakayempanga kona hiyo, mfundishe kuita. Atakuonea aibu mwanzoni, usimfokee. Na siku atakayosema "yangu" kwa sauti ya kufika barabarani, mwambie mwenzake amwachie.